Mjane Alipocheka

Maji ya mto wetu yamepungua, mpunga umeanza kukomaa, na watoto wanashinda madunguni wakiamia ndege. Mwezi huu tulikuwa tumejiandaa kuandika juu ya lishe ya watoto wakati wa mavuno. Lakini katika kutembelea wagonjwa limetokea jambo ambalo limetukosesha usingizi, tukaona ni heri tulilete kwenu kwanza. Lishe itangoja toleo lijalo.

Kila Jumamosi mchana sisi wa kikundi cha huduma kanisani huwatembelea wagonjwa, wazee na wafiwa. Siku za kazi tunavaa sare ya uuguzi; siku hiyo tunajifunga kanga kama majirani wengine na kubeba kikapu. Jumamosi moja tulikwenda kwa mama mmoja, jina lake tunalihifadhi, aliyefiwa na mume miezi saba iliyopita na kuachiwa watoto watatu. Tulikuwa tukimhofia sana. Alikuwa hali vizuri, halali usiku, na kila tulipomtembelea alijibu kwa neno moja moja, macho yakiwa chini.

Siku hiyo tulibisha hodi mara mbili hatukuitikiwa. Badala yake tulisikia kicheko. Tukachungulia uani, tukamwona ameketi mkekani na mwanawe wa kidato cha pili, wote wawili wameinamia simu iliyokuwa ya marehemu. Mama yule alikuwa anacheka mpaka anajifuta machozi. Tulisimama pale tukitazamana kwa furaha.

Mara wifi yake akatokea nyuma ya nyumba na ndoo ya maji. Akasimama. Akasema, "Wifi! Kaka yangu hajatimiza hata mwaka kaburini, nawe unacheka meno nje?"

Kicheko kikakatika. Mama yule akajifunika mdomo kwa upindo wa kanga, na tangu hapo hakusema neno. Simu ikaendelea kupiga muziki peke yake pale mkekani mpaka kijana alipoizima. Tulikunywa chai kimya, tukasali, tukaaga.

Njiani tulibishana wenyewe kwa wenyewe. Mmoja wetu alisema wifi ana haki, maana mjane hutazamwa na watu. Mwingine alisema kama yule mama ameweza kucheka basi Mungu amejibu sala zetu, na tumeacha jibu hilo lizimwe mbele ya macho yetu. Je, mwenye msiba aruhusiwe kucheka kwa ajili ya sinema? Na sinema yenyewe ni ya namna gani? Tulikubaliana tusitoe neno lolote kabla ya kuiona.

Sanduku kwenye ngazi

Wiki iliyofuata tulimwomba kijana atuonyeshe. Alikuwa ameingiziwa filamu hizo kwenye kadi ya simu na rafiki yake, mchanganyiko wa picha za zamani za Marekani zisizo na rangi, fupi fupi, zenye nyimbo, ngoma na vichekesho. Ile waliyokuwa wakiitazama inaitwa The Music Box, ya mwaka 1932. Waigizaji ni Stan Laurel, yule mwembamba, na Oliver Hardy, yule mnene.

Kisa chake ni kidogo kabisa. Mama mmoja ananunua piano, na hawa wawili wanapewa kazi ya kuipeleka nyumbani kwake. Nyumba iko juu ya ngazi ndefu mno. Wanalisukuma sanduku la piano hatua kwa hatua, na kila wanapokaribia kupumua linawaponyoka na kuteremka mpaka barabarani, huku likilia ndani kama kinanda kilichopagawa. Wanakutana na yaya mwenye kigari cha mtoto, wanakutana na askari, wanakutana na profesa mwenye hasira anayetaka wampishe. Mwishowe wanafika juu. Hapo mpeleka barua anawauliza kwa nini hawakupita barabara ya gari inayozunguka nyuma. Nao wanafanya nini? Wanaliteremsha sanduku lote mpaka chini ili waje tena kwa barabara!

Ndani ya nyumba piano inaanza kujipiga yenyewe, na wale wawili waliochoka wanafagia takataka huku wakicheza kwa maringo, polepole, kama watoto walioachwa peke yao. Kisha mwenye nyumba anarudi. Kumbe ndiye yule profesa, na anachukia piano kupita kiasi. Anaikatakata kwa shoka. Mkewe anaingia analia: ilikuwa zawadi yake ya siku ya kuzaliwa.

Filamu hii ya dakika zisizofika 30 ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1932, mwaka ambao tuzo hizo zilitolewa kwa mara ya kwanza kwa vichekesho vifupi. Ngazi zenyewe bado zipo mjini Los Angeles.

Tulimwuliza kijana ni nini hasa kilichomchekesha mama yake. Akajibu, "Alisema hawa ni yeye na baba siku ya kabati."

Kumbe mwaka mmoja mto ulipofurika walihama usiku na mchana, na marehemu alikataa katakata kulitoa kabati milango. Walilibeba zima, wakalitua njiani mara nyingi, na walipolifikisha katika nyumba mpya likakataa kupita mlangoni. Basi mama yule hakuwa amemsahau mumewe. Alikuwa amemwona tena, akitokwa jasho, akitoa amri, na kabati limemshinda.

Kwa nini picha hizi zinavuta

Tumeshazitazama nyingine nyingi tangu siku ile, na tumejiuliza kwa nini vitu vya zamani hivyo, vya nchi ya mbali, vinamshika mtu wa Lumemo. Sababu ya kwanza ni ufupi wake, nao una historia.

Mwaka 1926 kampuni ya Warner Brothers ilianza kuonyesha picha zenye sauti kwa mtambo ulioitwa Vitaphone. Sauti haikuwa ndani ya mkanda wa picha. Ilikuwa kwenye sahani ya santuri, kubwa kama sinia, upana wake inchi 16, iliyozungushwa sambamba na mkanda. Sahani moja ilichukua dakika kama 10 hivi, sawa na mkanda mmoja. Sindano ikiruka, basi midomo inakwenda huku na sauti inakwenda kule. Kwa hiyo picha nyingi za nyimbo na vichekesho za wakati ule zilipangwa ziishe ndani ya mkanda mmoja au miwili, zikaonyeshwa kabla ya filamu kubwa kama uji unavyotangulia chakula.

Sababu ya pili ni kwamba waigizaji wengi walitoka majukwaani. Walikuwa wamezunguka mji hadi mji kwa miaka, wakijaribu mzaha uleule mbele ya watu, wakitupa usiochekesha na kubakiza unaochekesha. Ulipofika mbele ya kamera ulikuwa kama mchele uliopepetwa mara saba, haukuwa na pumba.

Chukueni mfano wa George Burns na Gracie Allen, mume na mke waliooana mwaka 1926. Mwaka 1929 walitengeneza picha fupi ya Vitaphone iitwayo Lambchops, nayo ni maneno ya utani baina ya mwanamume na mwanamke, pamoja na wimbo. Walipoanza kazi pamoja, George alijiandikia yeye sehemu zote za kuchekesha, na Gracie alipewa maswali tu. Watu wakacheka maswali. Mara George akageuza kazi, akampa mkewe vichekesho vyote, yeye akabaki wa kuuliza. Wakaishi na kufanya kazi hivyo kwa miaka mingi. Akina baba mnaosoma ukurasa huu kwa kuchungulia begani kwa wake zenu, jiulizeni ni wangapi kati yenu mngekubali.

Sababu ya tatu ni mzigo. Uchumi wa Marekani ulianguka mwaka 1929, na kufikia 1933 karibu mfanyakazi mmoja katika kila wanne hakuwa na kazi. Hata hivyo mamilioni waliendelea kwenda sinema kila wiki. Mtu aliyefukuzwa kazi alikaa gizani akamwona mwenzake akihangaika na sanduku lisilopanda ngazi, naye akalitambua sanduku lake mwenyewe. Mwili unaoteleza hauhitaji mkalimani. Ndiyo maana mama wa Lumemo, asiyejua Kiingereza, hakukosa kitu.

Yaliyotokea hapa kwetu

Msidhani mambo haya yalikuwa ya Marekani peke yake. Sahani zile za santuri zilifika hata Tanganyika, tena kwa mkono wa wamisionari. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Baraza la Kimataifa la Wamisionari liliendesha mradi wa kutengeneza picha za sinema kwa ajili ya Waafrika, kwa msaada wa fedha za Shirika la Carnegie la New York. Mkuu wa utengenezaji alikuwa Meja Notcutt, na wa elimu alikuwa bwana Latham. Walitengeneza picha fupi 35. Mkanda ulikuwa bubu, na maelezo yalipigwa kwa santuri, ili lugha iweze kubadilishwa kwa kubadilisha sahani. Wakazungusha picha hizo kwa gari katika Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini.

Zilihusu nini? Kuweka akiba posta, ngozi, kahawa, kodi. Moja ilihusu mashamba ya wakulima ya Kingolwira, hapa mkoani kwetu Morogoro. Nyingine ilihusu minyoo ya safura, na kwa hiyo sisi wauguzi tunawashukuru. Lakini wazungu wengi wa wakati ule waliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha ya haraka ya kigeni, eti akili yake inataka picha ya polepole yenye mafundisho. Walisahau kwamba mtu anayeweza kucheka mzaha ameuelewa, na kwamba kucheka kwa wakati unaofaa kunataka akili nyepesi.

Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliipa kampuni moja ya Johannesburg, African Film Productions, kazi ya kutengeneza filamu kwa Kiswahili na waigizaji wa hapa. Mojawapo ni Muhogo Mchungu ya mwaka 1952, kichekesho cha mtu wa shamba aliyeingia mjini. Mwigizaji wake alikuwa kijana mtumishi wa serikali, mzaliwa wa Songea, ng'ambo ya milima yetu. Jina lake Rashidi Mfaume Kawawa. Miaka 10 baadaye, Januari 1962, alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Watu waliokuwa wamemcheka kwenye kitambaa cheupe sasa walimsikiliza. Hakuna aliyesema mtu aliyewahi kuchekesha hafai kuongoza.

Kicheko kinachoongeza mzigo

Hata hivyo hatuwezi kuwaambia mfungue kila picha ya zamani mbele ya watoto. Katika kuzitazama tulikutana na nyingine zilizotuumiza. Zipo ambazo wazungu wamejipaka masizi usoni na kujifanya weusi wajinga. Kijana wetu aliruka moja haraka haraka kwa aibu, tukamwambia aache tuone, ili tuzungumze.

Ipo picha ya mwaka 1933 iitwayo Rufus Jones for President. Sammy Davis, mtoto mweusi wa miaka saba ambaye baadaye alikuwa msanii mashuhuri, anamlilia mama yake, anayeigizwa na mwimbaji Ethel Waters. Mama anampakata na kumliwaza, na katika ndoto mtoto anachaguliwa kuwa Rais wa Marekani. Mtoto yule anacheza na kuimba kwa namna ya ajabu. Lakini picha yote imejaa mizaha ya dharau juu ya watu weusi, wizi wa kuku na uvivu, na mzaha mkubwa kuliko yote ni wazo lenyewe la Rais mweusi. Watengenezaji waliona ni jambo la kuvunja mbavu. Mwaka 2008 Wamarekani walimchagua Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mluo wa Kenya. Mzaha ule umezeeka vibaya.

Na bado, katika zilezile picha za weusi, kuna vitu ambavyo dharau haikuweza kuvifunika. Katika Pie, Pie Blackbird ya mwaka 1932 ndugu wawili, Fayard na Harold Nicholas, wanacheza kwa miguu mpaka mtu anasahau kupumua. Harold alikuwa na miaka kama 11 tu. Mwenye kuandika mzaha alitaka tuwacheke, lakini miguu ya watoto wale ilitufanya tuwapigie makofi.

Kwa hiyo tumejiwekea kipimo kimoja, nasi tunawapa ninyi. Kabla ya kuwaonyesha watoto kichekesho, cha zamani au cha leo, cha Marekani au cha hapa Bongo, jiulizeni: tunacheka pamoja na anayeanguka, au tunamwangusha ili tucheke? Picha inayomcheka kilema, mwenye ngozi nyeupe ya ualbino, mzee au mke anayepigwa inamwongezea mtu mzigo. Izimeni, kisha waelezeni watoto kwa nini mmeizima. Mtoto aliyeelezwa hujifunza zaidi ya aliyefokewa.

Wifi na pembe ya nne

Sasa turudi uani. Jumamosi ya tatu tulikwenda tena, na safari hii tuliomba kuzungumza na wifi kando. Tulimkumbusha jambo ambalo yeye, mtoto wa bonde hili, analijua kuliko sisi. Msibani kwetu mtani huja akavaa koti la marehemu, akaiga mwendo wake na sauti yake, akadai alipwe madeni ya pombe, na wafiwa hujikuta wanalia na kucheka kwa wakati mmoja. Hakuna anayesema mtani amekosa adabu. Wazee walijua kwamba huzuni isiyopewa nafasi ya kupumua humwua aliyebaki. Na Mhubiri, katika sura ya 3, ameweka kulia na kucheka katika mstari mmoja.

Tukamwambia vilevile kwa nini wifi yake alicheka. Tukamsimulia ya kabati.

Alinyamaza muda mrefu, akichora ardhi kwa kidole cha mguu. Tulidhani tumemkosea. Kisha akasema, "Waliwaambia kabati lilishikwa na watu wangapi?" Tukasema hatukuambiwa. Akasema, "Tulikuwa wanne. Pembe ya nne niliishika mimi. Na mlangoni pale ni mimi niliyebanwa kidole, na kaka akanigombeza mimi!" Akatuonyesha ukucha ulioota upande.

Midomo yake ilikuwa inatetemeka, hatukujua analia au anacheka. Nadhani hata yeye hakujua. Alikwenda akaketi mkekani karibu na wifi yake, na tulipoaga walikuwa bado wanabishana ni nani aliyetoa wazo la kulipitisha kabati dirishani.

Msituelewe vibaya. Kicheko si dawa ya kila ugonjwa. Mfiwa ambaye kwa wiki mbili mfululizo hali, halali, haogi, hajali watoto wake, mpelekeni kituo cha afya. Na anayesema afadhali afe, mpelekeni siku hiyohiyo, wala msimwache peke yake. Huo ni ugonjwa kama magonjwa mengine, nao una matibabu. Mama yule tumekwisha kumpeleka, na anaendelea kuhudhuria.

Lakini kwa wale walio na huzuni ya kawaida, akina mama, tuwaondolee lawama. Msimtazame mjane meno yake. Kama mna simu, tafuteni picha fupi yenye muziki mzuri na mizaha isiyomdharau mtu, kaeni naye mkeka mmoja, mtazame naye. Dakika 10 zinatosha, na akilia katikati mwacheni alie. Huenda na yeye ana kabati lake.

Toleo lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya lishe ya watoto wakati wa mavuno. Mbaki salama.